Chupa Iliyozikwa Kichwa Chini

Durwood Stivers hakualikwa kwenye harusi ile, na hilo halikumzuia kula mara mbili. Alivaa suti ya kitani rangi ya maziwa na tai ya kipepeo. Hapa kwetu wilaya ya Nelson, mtu aliyevaa hivyo mwezi wa tano, akasimama kwa kujiamini karibu na meza ya paja la nguruwe, hakuna anayemuuliza ametokea wapi. Upande wa bibi harusi wanadhani ni wa bwana harusi, na upande wa bwana harusi wanamwongezea mchuzi.

Alikuwa anaishughulikia sahani ya pili pale baba wa bibi harusi alipoitisha beleshi. Watu wote wakasogea nyuma ya tao la maua kushuhudia chupa ikifukuliwa. Ni mambo yetu ya siku zote: mwezi mmoja kabla ya harusi, familia huzika chupa nzima ya bourbon, wiski yetu ya mahindi, mahali pale pale ndoa itakapofungwa, kichwa chini, ili siku yenyewe mvua isinyeshe. Isiponyesha, sifa zote ni za chupa. Ikinyesha, lawama ni za aliyeizika. Ndiyo maana tangu babu zetu chupa haijawahi kukosea.

Ilitoka na udongo wake, ikafutwa kwa leso, ikagawanywa kwenye vikombe vidogo. Baba mtu akainua chake juu. "Hii imekaa kwenye pipa tangu binti yangu anaota meno! Mnaisikia karameli hiyo?"

Wakasema wanaisikia. Wengine walifumba macho kabisa. Durwood naye akaonja, asisikie karameli wala jirani ya karameli. Ilikuwa ile wiski ya vituo vya mafuta, inayopangwa pamoja na chumvi ya kuyeyushia barafu. Ama mzee aliuziwa uongo, ama aliwadanganya wageni wake makusudi. Vyovyote vile, hakuna hata mmoja aliyeshtuka, na shangazi mmoja alikuwa anafuta machozi kwa utamu.

Hapo ndipo uma wa Durwood ulipogoma njiani.

Hebu fikiria na wewe. Kokote duniani, tapeli akishauza bidhaa ya uongo hapati usingizi, kwa sababu mnunuzi anaweza kuifungua saa yoyote. Huku kwetu kuna watu wananunua chupa ghali kuliko zote maishani mwao, halafu wanaichimbia shimo wenyewe, wanaifukia wenyewe, na kuiacha humo mwezi mzima. Siku ya kuifungua wameshakunywa vingine tangu asubuhi, wanalia, wanakumbatiana, na mama mkwe anaimba. Nani ataonja kwa makini?

"Ee Mungu," Durwood alinong'ona huku akitazama mbingu isiyo na wingu, "mbona hukuniambia mapema?"

Nimtambulishe vizuri, maana mtu wa fani anastahili heshima yake. Durwood alikuwa mtoto wa Louisville, mwembamba, mwenye sauti laini ya mhubiri anayechangisha fedha za paa. Kabla ya hapo alikuwa akiuza hisa za farasi wa mbio. Mmoja wa farasi hao aliuzwa kwa wamiliki wengi kiasi kwamba angeshinda, kila mmoja angeondoka na unywele wa mkia. Hakushinda, kwa sababu alikuwa ameshakufa wakati anauzwa, na Durwood hakuona sababu ya kuwahuzunisha watu kwa habari hiyo.

Kazi mpya ilihitaji vitu viwili. Cha kwanza ni chupa tupu za Jaji Tarrant, ile bourbon adimu ambayo wanaume wazima huigombea kwa bahati nasibu ya parokia na kuiombea kuliko afya zao. Hizo alizipata kwa mhudumu wa baa mmoja aliyekuwa amechoka kuzitupa. Nta nyeusi ya kuziba shingo aliiyeyusha mwenyewe jikoni. Cha pili kilikuwa kigumu zaidi: atie nini ndani? Iwe rahisi, lakini isiwe ya aibu. Durwood alikuwa mwizi, hakuwa mshenzi.

Akaenda kwenye duka la Verna Beavin, barabara ya Bloomfield. Verna ni mwanamke mpana, mwenye miwani ya kamba, aliyeuza pombe muda mrefu kiasi cha kujua nani anadanganya akisema anamnunulia mjomba.

"Nataka kujifunza bourbon za bei ndogo," Durwood alimwambia.

"Ndogo kiasi gani?"

"Ya kunifanya nisijute nikiimwaga."

"Basi ziko rafu ya chini kabisa. Piga magoti, kaka. Sisi wote tulianzia hapo."

Akapiga magoti. Wiki ile aliondoka na nne, wiki iliyofuata na nyingine, na kila alasiri alikaa kwenye chumba chake cha kupanga, glasi mbele, dirisha wazi, kama mwanafunzi mwema. Moja ilikuwa na ladha ya karanga, na akaipenda siku ya kwanza, ya pili ikamchosha. Nyingine ilinukia penseli iliyochongwa. Kulikuwa na moja tamu mno, mtu angeweza kuimwagia juu ya chapati za maji. Moja yenye picha ya kanali ilimkohoza hadi jirani akagonga ukuta.

"Ile ya kanali imenishinda," alimripotia Verna.

"Uliitia maji kidogo?"

"Niitie maji? Si kuiharibu huko?"

"Nani kakudanganya? Matone mawili matatu, halafu subiri. Na usimsikilize mtu anayekuambia ananusa ngozi ya tandiko, huyo anajisikia mwenyewe. Usijiulize ipi ni bora. Jiulize ipi utairudia bila mtu kukuona."

Durwood akacheka, lakini maneno yale yalimwingia. Yeye maisha yake yote alifanya mambo bila mtu kumwona, na hakuna hata moja alilolirudia kwa mapenzi.

Alasiri moja akafungua Ransdell Njano. Chupa fupi, kifuniko cha kusokota, lebo ya manjano iliyobandikwa upande kidogo. Ilikuwa kwenye kona ya mwisho ya rafu, imepakana na ndoo za kudekia, na bei yake ingekununulia sahani ya kuku wa kukaanga, bila viazi. Akamimina, akatia matone mawili ya maji, akasubiri. Kisha akanywa.

Akanywa tena. Kulikuwa na mahindi matamu ya kuchoma mle ndani, na ganda la chungwa, na joto lililoshuka kifuani taratibu likakaa, halikuwa na haraka ya kwenda popote. Durwood Stivers aliweka glasi mezani akajikuta ana furaha. Si ile ya kumpiga mtu changa la macho, hiyo aliijua. Hii ilikuwa furaha tulivu ya kukutana na kitu kilicho hasa kama kilivyoandikwa kwenye lebo. Ilimtia hofu kidogo.

"Nimeipata," alimwambia Verna kesho yake, akiwa ameshika kofia kifuani.

Verna akamtazama juu ya miwani. "Ransdell. Maskini wee, na wewe umechelewa. Wameacha kuitengeneza. Wanaleta chupa mpya, ndefu, ina kizibo cha mbao na bei ya kizibo cha mbao. Hizi unazoziona ndizo za mwisho."

Kuanzia siku ile, mtu yule alikuwa na shida halisi. Ransdell Njano ndiyo iliyokuwa tamu kiasi cha kupita kama Jaji Tarrant, kwa hiyo kila bibi harusi aliyemwuzia chupa alikuwa anazika ardhini kinywaji cha roho ya Durwood. Biashara ilikwenda vizuri ajabu. Bahasha za pesa ziliingia moja baada ya nyingine na kulala kwenye buti la gari chini ya tairi la akiba. Lakini kila alipopenyeza mrija kwenye shingo ya chupa ya Jaji, akaona manjano yake inashuka humo, alihisi kama mtu anayeuza mbwa wake mwenyewe kwa watu wasiojua jina lake.

Alijiwekea mpango: amalize msimu wa harusi, achukue Ransdell zote zilizobaki kwa Verna, aende mahali penye kijito na kibaraza, asiuze kitu tena. Kwa mara ya kwanza alikuwa na ndoto ya mtu wa kawaida.

Siku alipokwenda kwa Verna na gari tupu, kona ile ilikuwa na ndoo peke yake.

"Ziko wapi?" sauti yake ilipasuka.

"Kuna bibi kaja na pikapu jana. Kabeba zote, hata ile iliyopinda lebo."

"Bibi gani?"

"Siuzi majina ya wateja wangu, kaka. Ungependa niuze lako?"

Hakupenda. Nyumbani alikuwa na chupa moja tu iliyobaki, na hiyo alishaiahidi. Garnett Mattingly, mwenye machimbo ya chokaa nje ya Bardstown, alikuwa anamwoza binti yake Shelby na alitaka Jaji Tarrant kwa gharama yoyote. Sifa ya Garnett ni kwamba anajua bourbon, kwa hiyo kumtilia ile ya kanali lilikuwa jambo la hatari. Durwood alimimina Ransdell yake ya mwisho. Tone lililobaki chini ya chupa ya manjano alilinyonya.

Garnett alimpokea nyumbani kwake, jumba la mawe lenye nguzo nyeupe, kwa kelele na makofi ya mgongoni. Ni mtu mkubwa, mwekundu, anayeongea na kila mtu kama yuko ng'ambo ya machimbo.

"Bwana Stivers! Lete nimwone Mheshimiwa Jaji!" Akaishika chupa juani, akaigeuza. "Angalia rangi hiyo. Angalia hiyo nta! Unajua, mimi nikiona tu najua ya kweli na ya uongo."

"Nilijua hivyo tangu nilipoisikia sauti yako, Bwana Mattingly," alisema Durwood. "Ndiyo maana nikasita kuja. Nikajiambia, yule si mtu wa kupelekewa kitu cha wasiwasi."

"Ulifikiri vema. Pesa hii hapa. Hesabu."

"Kwa mtu kama wewe? Nisijidhalilishe."

Wakaizika palepale, kati ya miti miwili yenye maua meupe. Garnett alichimba mwenyewe, akaiweka kichwa chini, akaikanyagia udongo na kusimama dakika moja ameshika kofia. Durwood naye akavua yake. Majonzi yaliyokuwa usoni mwake yalimgusa sana Garnett, akamwona mtu mwenye kuheshimu mila.

Garnett alipokwenda kupokea simu, Durwood akawa anazunguka nyumba kuelekea kwenye gari lake. Pembeni, barazani, kulikuwa na kikongwe kwenye kiti cha kubembea, mkongojo magotini, mkononi glasi.

"Sogea kidogo, unaniziba jua," alisema kikongwe. "Mimi ni Opal. Nimemzaa huyo anayepiga kelele."

"Samahani sana, Bi Opal. Durwood Stivers." Akasogea. Na aliposogea upepo ukamletea harufu ya mahindi ya kuchoma na ganda la chungwa. Akaangalia chini. Karibu na mguu wa kiti kulikuwa na chupa fupi yenye lebo ya manjano.

Moyo ulimdunda hadi akaona haya. "Unakunywa Ransdell?"

"Nakunywa ninachokipenda. Garnett ananiletea za majaji na makanali. Nayamwagilia mawaridi."

"Na mawaridi yanasemaje?"

"Mawili yamekufa."

Durwood hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. "Bi Opal, hiyo ni bourbon nzuri kuliko zote nilizowahi kutia mdomoni."

"Hata kuliko ya Jaji uliyomuuzia mwanangu sasa hivi?"

Akafungua mdomo. Ulimi ule uliouza farasi mfu ukajikwaa. "Ni... ni vitu tofauti, mama."

"Sema kweli, haitakuua."

"Kuliko ya Jaji," alisema Durwood, na alimaanisha.

Kikongwe akamtazama vizuri, kuanzia viatu hadi tai. Akanywa funda dogo, akaliacha mdomoni, akameza. "Mimi ndiye niliyezibeba kwa Verna," alisema. "Niliposikia wanaiua nilikwenda na pikapu. Stoo ya chini imejaa hadi kwenye ngazi."

"Niuzie."

"Siuzi."

"Nusu."

"Kwani ungekuwa mimi, ungeuza?"

Durwood akafikiri. "Hapana."

"Basi tumeelewana."

Hakuelewa, akabembeleza. Alimsifia baraza, mawaridi yaliyobaki, ngozi ya uso wake. Alimweleza kuhusu kijito na kibaraza. Akamwambia habari za kona ile yenye ndoo, na namna alivyosimama pale. Kidogo kidogo akasahau kutia chumvi, akawa anasema mambo kama yalivyo, kitu ambacho kwa mtu wa kazi yake ni sawa na kutembea uchi sokoni. Bi Opal alikuwa akiguna tu na kujibembea.

"Njoo Alhamisi," alisema mwishowe, akashusha pumzi kama aliyelemewa. "Garnett atakuwa machimboni. Asijue, ataniambia namtia aibu, Mattingly kuuza wiski mlangoni. Na daktari naye ananisumbua. Nitakuachia, lakini si kwa bei ya Verna."

Alhamisi Durwood alifika mapema, amenyoa, ananukia sabuni. Katoni zilikuwa zimepangwa vizuri stoo, zimefungwa kwa karatasi ya gundi. Bi Opal akampa kiti barazani, akachukua chupa iliyokuwa karibu na mguu wake na kummiminia kidogo.

"Uonje kwanza. Mtu asinunue asichokijua."

Akaonja. Ilikuwa yenyewe. Macho yakamlowa.

"Haya," Bi Opal alisema, "wewe unaona zina thamani gani?"

Hakuna swali baya kuliko hilo kumuuliza mtu aliyependa. Durwood aliitoa bahasha ya Garnett. Bi Opal akaiangalia, akaangalia mawaridi. Durwood akaenda kwenye buti, akaja na bahasha nyingine. Bi Opal akakohoa. Akarudi tena kwenye buti, na tena, mpaka chini ya tairi la akiba pakabaki vumbi. Kikongwe akazikunja zote kwenye aproni yake, akasema kwa huzuni, "Sijui hata kwa nini nakubali. Umenifanya nikuonee huruma."

Alibeba katoni mwenyewe, ngazi kwa ngazi, na Bi Opal akamshikia mlango na kumwonya asiumize mgongo. Kufungua hata moja? Wazo hilo halikupita kichwani mwake. Nani katika ulimwengu huu aliwahi kughushi wiski inayopangwa karibu na ndoo za kudekia? Elimu yote ya Durwood ilikuwa kwamba watu hughushi vitu vya thamani, na ilimtosha kwa kila kitu isipokuwa hiki.

Alasiri ile, chumbani kwake Louisville, aliosha glasi akaifuta kwa kitambaa kipya. Akasokota kifuniko cha chupa ya kwanza, akamimina. Rangi ilikuwa sawasawa. Akatia matone mawili ya maji, akasubiri kama alivyofundishwa. Akanusa.

Limau.

Ilikuwa chai. Chai yetu ya baridi, ya sukari nyingi, ile tunayoinywa kiangazi kizima. Akafungua ya pili. Chai. Akapasua katoni inayofuata, na nyingine, mpaka sakafu ikajaa karatasi na vifuniko, na kila chupa ilikuwa chai ile ile iliyochemshwa vizuri, isiyo na makapi. Tuseme haki, ilikuwa chai nzuri. Durwood akaketi katikati ya chupa zile akalia kwa sauti. Jirani akagonga ukuta.

Angeniuliza mimi, ningemwambia. Yeyote wa Nelson angemwambia. Miaka ile serikali ilipopiga marufuku pombe, mama yake Bi Opal alikuwa akiwauzia wiski wanaume wa Chicago waliokuja na magari marefu na kofia zilizofunika macho. Pipa la mbele, la kuonjwa, lilikuwa wiski safi. Yaliyobaki yote yalikuwa chai. Wanaume wale waliua watu kwa makosa madogo kuliko hayo, lakini hakuna aliyerudi, maana nani angekubali kusema kwamba alitapeliwa na mama mwenye aproni? Jumba lile la mawe lenye nguzo nyeupe limejengwa kwa majani ya chai. Garnett hapendi likizungumzwa, na sisi kwa heshima tunalizungumza akishatoka.

Durwood hakuweza kwenda polisi, angewaambia nini? Pesa zilimuuma, lakini si hizo zilizomnyima usingizi. Kilichomuuma ni kwamba aliiacha chupa moja ya Ransdell Njano mahali anapopajua, ya kweli kabisa, aliyoimimina kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa chini ya bustani ya Garnett, kichwa chini, imevaa nguo za jaji. Na akina Mattingly ni Wakatoliki; Jumapili asubuhi wote wako misani.

Jumapili ikafika. Nyumba ilikuwa kimya na magari hayapo. Durwood alikuta beleshi limeegemea kibanda, akaenda kati ya ile miti miwili akaanza kuchimba, suti yake nzuri imepandishwa mikono. Alichimba kwa bidii, na kila udongo uliporuka alijisemea maneno ya kumtia moyo.

"Kushoto kidogo, mwanangu."

Beleshi lilimponyoka. Bi Opal alikuwa barazani, kwenye kiti chake, kwa utulivu wote.

"Mimi huwa naenda misa ya Jumamosi jioni," alieleza. "Kuna foleni ndogo. Endelea, umekaribia."

Kwa kuwa hakujua la kufanya, akaendelea. Chupa ikatokea, akaifuta kwa kiganja. Nta ilikuwa nyeusi, lakini safi kuliko nta yake, na muhuri mdogo wa mizani umekaa sawa. Akaigeuza juani.

"Hii si yangu," alisema.

"Siyo. Hiyo ni Jaji Tarrant mwenyewe. Nimeinunua kwa mzee mmoja wa Lexington kwa pesa zako. Mjukuu wangu haolewi juu ya uongo."

"Na yangu iko wapi?"

Bi Opal akainua glasi yake. "Niliifukua siku ile ile, Garnett alipokwenda kazini. Muuza Tarrant anakodolea macho chupa yangu ya manjano kama aliyefiwa. Nikajua hapa kuna jambo. Nikataka kuona umetia nini. Nilipoonja nikasema, huyu ni mwizi, lakini ana ulimi."

Durwood alisimama ndani ya shimo. Naomba uione hali yake ilivyokuwa. Mikononi alikuwa na Jaji Tarrant ya kweli, ya kwanza maishani mwake, yenye thamani ya karibu bahasha zote zile. Gari lake lilikuwa getini, limeelekezwa barabarani, kama kawaida ya gari la mtu wa aina yake. Mbele yake kulikuwa na kikongwe mwenye mkongojo. Hatua chache tu, na hasara yote ingerudi. Wenzake wa kazi, huko Louisville, wakifika hapa kwenye hadithi hii huwa wanashika vichwa.

"Bi Opal," alisema, "nikiirudisha hii, utanipa glasi moja?"

"Ya chai?"

"Ya njano, mama. Nakuomba."

"Zika kwanza."

Akaizika. Kichwa chini, wima, bila kupinda. Akaurudisha udongo kwa mikono, akaushindilia kwa viatu vyake vizuri, akapanga na majani juu hadi pakaonekana kama hapajaguswa. Bi Opal akammiminia. Upana wa kidole kimoja, si zaidi. Durwood alitia matone mawili ya maji kutoka kwenye jagi lake, akasubiri, akanywa amesimama, macho yamefumbwa, taratibu, mpaka hapakubaki kitu cha kunywa. Akabaki ameishika glasi tupu karibu na pua.

"Kule stoo chupa zimebaki nyingi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Za kunitosha mimi."

Akatikisa kichwa kukubali. Akaweka glasi kwenye ukingo wa baraza, akainama kwa adabu, akaokota beleshi, akaliweka begani na kuelekea getini.

"Na beleshi uliache, mwanangu," Bi Opal alimwita. "Hilo nalo ni letu."